UZI: Gemu za kufundishia watoto, tutumie teknolojia gani ya wavuti? Anza na simu ya mtoto

fundi_nyakato:

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Vijana wengi wa hapa, wa vyuo na wa mtaani, wananifuata pembeni na swali lile lile: nataka kutengeneza gemu ya kumfundisha mtoto kusoma au kuhesabu, nitumie nini? Zile zana za kutengenezea gemu, Unity? Godot? Phaser? Scratch? Nimeona nilijibu hapa hadharani na kwa urefu, ili wenye uzoefu tofauti waje wapinge au waongeze. Suala lenyewe si dogo. Ukichagua vibaya mwanzoni, kazi ya miezi inabaki kwenye laptop yako na mtoto uliyemkusudia haioni.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa gemu nyingi za darasani, yaani hesabu, herufi, vipimo, ramani, sayansi ya msingi, tumia HTML, CSS na JavaScript vya kawaida, yaani lugha za kuandikia kurasa za wavuti. Pale unapohitaji vitu vinavyokimbia, kurukaruka na kugongana, ongeza Phaser, msimbo wa JavaScript ulioandaliwa tayari kwa ajili ya gemu. Unity kwa ajili ya kivinjari iache kwa sasa. Godot ina mahali pake, nitafika. Ila kabla ya kufungua laptop, nenda ukaishike simu ambayo mtoto ataichezea.

Simu yenyewe mnaijua. Ni Itel au Tecno ya bei ya chini, au Samsung ya mtumba iliyonunuliwa Makoroboi. RAM gigabaiti 1 au 2. Hifadhi imejaa video za WhatsApp. Ni ya mama, si ya mtoto, kwa hiyo mtoto anaipata jioni mama akishatoka sokoni, na bando lililobaki ni la kusukuma mpaka kesho. Shuleni hali ni nyingine: kompyuta chache za mezani zenye umri mkubwa, au kishkwambi cha mwalimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Ukivuka maji kwenda Ukerewe, Ukara au Kome, ongeza suala la mtandao wa kuvizia. Na hata mjini tusijidanganye. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilikaa na intaneti ya kuchechemea.

Hiyo ndiyo mashine yako. Teknolojia yoyote unayoichagua ijibu mambo haya: inashuka kwa megabaiti ngapi, inakula RAM kiasi gani, inafanya kazi bila mtandao, na baada ya miaka mitano itafunguka?

Hilo la mwisho ndilo watu hawaliulizi, na ndilo lililoua kazi nyingi kuliko yote. Kwa miaka mingi gemu za elimu kwenye wavuti zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya Adobe ya kuchezesha picha na gemu ndani ya kivinjari. Walimu duniani kote walikuwa nazo kwenye tovuti na kwenye CD. Adobe walitangaza mwaka 2017 kwamba wanaifunga, wakaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kuzuia maudhui yasifunguke. Kazi ya watu ya miaka na miaka ikawa skrini ya kijivu. Siku hizi ipo Ruffle, programu huria inayofufua sehemu ya gemu hizo ndani ya kivinjari, lakini kufufua si sawa na kuwa hai. Silverlight ya Microsoft, mshindani wa Flash, nayo ilizikwa Oktoba 2021. Wakati huo huo ukurasa wa HTML ulioandikwa miaka ya 1990 bado unafunguka leo kwenye simu yako. HTML haina mwenye mali mmoja wa kuamka asubuhi na kuifunga. Ni kanuni za wazi ambazo watengenezaji wote wa vivinjari wanazifuata.

Sasa nichukue mfano mmoja tuuone kwa karibu. Gemu ya vipimo, darasa la tatu au la nne. Mtoto wa Kirumba au Igombe anajua kwamba samaki mwaloni hupimwa. Skrini inaonyesha rula na sangara. Mtoto anamburuta samaki mpaka kwenye rula, anasoma urefu, halafu anaamua: aende sokoni au arudi ziwani? Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua sangara asiyefika sentimita 50, kwa hiyo hapo umefundisha vipimo na uhifadhi wa ziwa kwa pamoja.

Gemu hii haihitaji injini yoyote, yaani programu kubwa ya kuendeshea gemu kama Unity. Samaki anachorwa kwa SVG, mchoro unaoandikwa kama maelekezo ya mistari, kilobaiti chache tu, na hata ukimkuza kwenye projekta hapotezi sura. Rula ni SVG. Kuburuta ni JavaScript ya kawaida, ambayo leo inashughulikia kidole na kipanya kwa amri zile zile. Usisahau kuweka touch-action: none kwenye CSS ya samaki, la sivyo mtoto akiburuta, ukurasa mzima unapanda na kushuka naye. Na rula yako iache nafasi kidogo kabla ya sifuri, kama rula halisi ya mbao. Watoto wengi hupima kuanzia kwenye ncha ya rula badala ya kwenye alama ya sifuri. Gemu yenye rula inayoanza na sifuri ukingoni kabisa inalificha kosa hilo badala ya kulifundisha.

Jambo la pili ndani ya mfano huo huo: orodha ya samaki, urefu wao na maneno ya maelekezo usiviandike katikati ya programu. Viweke kwenye faili lake la JSON, yaani faili la maandishi yaliyopangwa. Mwalimu wa Magu atakayetaka kubadilisha samaki kuwa mihogo, au kushusha namba kwa darasa la pili, abadilishe faili hilo bila kukupigia simu. Ukifanya hivyo hata siku ukihama teknolojia, maswali, picha na sauti vinahama na wewe.

Ukimaliza hapo gemu nzima ina uzito chini ya picha moja ya WhatsApp.

Phaser inaingia lini? Pale ambapo dagaa hamsini wanaogelea kwa pamoja na mtoto anatakiwa awakamate wale wenye namba zinazogawanyika kwa tatu. Kusogeza vitu vingi hivyo kwa HTML tupu kunachosha simu. Phaser ilianzishwa na Richard Davey mwaka 2013, ni huria kwa leseni ya MIT, inatumia WebGL, yaani uchoraji kwa kadi ya picha, na ikikosa WebGL inarudi kwenye Canvas, uchoraji wa kawaida wa kivinjari, yenyewe bila kuombwa. Maktaba nzima ikishabanwa na seva ni kilobaiti mia kadhaa tu. Mafunzo yake yamejaa mtandaoni na lugha ni JavaScript ile ile uliyoanza nayo.

Ila hata ukiwa na Phaser, picha ndizo zitakuua. Wengi wanaangalia ukubwa wa faili peke yake. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa kilobaiti 300 kwenye diski, lakini ikifunguliwa kwenye kumbukumbu ya simu kila pikseli inachukua baiti nne, na hapo ni megabaiti 16. Weka mandhari nne za namna hiyo na simu ya gigabaiti 1 inaanza kufunga kivinjari bila taarifa. Mtoto anaona gemu imepotea, anadhani ameharibu simu ya mama. Chora kwa ukubwa wa skrini zilizopo, usichore kwa ukubwa wa laptop yako.

Unity ni injini nzuri na siidharau. Lakini gemu yake ya kivinjari inakuja na injini nzima ndani ya WebAssembly, muundo wa msimbo ambao kivinjari huuendesha kwa kasi. Hata gemu ndogo ya kuhesabu maembe inaanza na megabaiti kadhaa kabla hujaweka picha yako ya kwanza, na kwa miaka mingi Unity wenyewe hawakuihesabu simu kuwa mahali rasmi pa kuchezea gemu zao za wavuti. Zaidi ya hapo kuna suala la umiliki. Septemba 2023 walitangaza ada mpya ya kutoza kwa kila gemu inayosakinishwa, watengenezaji wakaja juu, na Septemba 2024 ada ikafutwa. Ilifutwa, sawa. Ila shule haiwezi kupanga mambo yake juu ya mkataba unaoweza kubadilika kwa tangazo moja.

Godot ni huria kabisa, nayo kwa leseni ya MIT, na ina mazingira mazuri ya kujifunzia. Tatizo lake kwenye wavuti ni uzito: faili lake la WebAssembly ni makumi ya megabaiti kabla ya kubanwa. Toleo la 4 lilipotoka Machi 2023 lilidai pia seva yako itume vichwa maalumu vya usalama, na seva nyingi za bei nafuu hazikuruhusu kuvipanga. Toleo la 4.3 la Agosti 2024 likaleta njia ya kuepuka hilo. Na ukiandika kwa lugha ya C# kwenye Godot 4, njia ya kupeleka kwenye wavuti haipo, inabidi GDScript, lugha yake yenyewe. Kwa maabara yenye kompyuta nzuri na mtandao wa ndani, Godot itumie bila wasiwasi. Kwa simu ya mama, hapana.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mpinge.

---

kijana_Malimbe:

Mkuu heshima. Mimi nipo chuo hapa Malimbe, nimeshatumia mwaka mzima kujifunza Unity na C#. Unaniambia nitupe? Halafu kumbuka mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliyofanyika hapa hapa Tanzania, mkoa wa Tanga. Watoto walijifunza kusoma Kiswahili kwa programu za vishkwambi, si kwa kurasa za wavuti. Kwa nini sisi tung'ang'anie kivinjari?

---

fundi_nyakato:

Mdogo wangu, umeleta hoja nzito na nashukuru.

Hiyo ya Tanga naifahamu vizuri na inanipa moyo sana. Vijiji karibu 170, watoto wengi wao hawakuwa shuleni kabisa, na Mei 2019 onebillion na Kitkit School wakatangazwa washindi pamoja, wakagawana dola milioni 10. Lakini angalia mazingira yake. Waandaaji walikuja na vishkwambi vyao, maelfu, vyote vya aina moja, Pixel C zilizotolewa na Google, na wakajenga vituo vya sola vya kuvichajia. Mtengenezaji alijua kabisa skrini ina ukubwa gani na RAM ngapi. Wewe gemu yako itatua kwenye simu ambazo huzijui, na kwenye kompyuta ya shule ambayo si Android. Kivinjari ndicho kitu pekee kinachopatikana kwenye zote hizo. Faida nyingine kwako ni kwamba programu za washiriki watano wa fainali ziliachwa wazi, msimbo wake unapatikana bure. Kaa nazo usome namna walivyopanga hatua za kusoma kuanzia silabi. Hilo ni gumu kuliko injini yoyote.

Unity usiitupe. Itumie kutengeneza programu ya Android yenyewe, ile ya APK, kwa gemu inayohitaji kweli pande tatu: mwili wa binadamu, sayari, mashine. Huko Unity inapumua. Na uelewa wako wa C# haupotei, TypeScript, yaani JavaScript yenye aina za data, utaiona kama ndugu yake. Mtu aliyetengeneza TypeScript, Anders Hejlsberg, ndiye aliyeongoza pia ubunifu wa C#.

Jambo moja zaidi. Gemu ya HTML unaweza kuifunga kuwa APK kwa zana iitwayo Capacitor, kisha watu wakarushiana kwa Bluetooth au Xender kama wanavyorushiana kila kitu. Kazi moja, milango miwili: ya kivinjari na ya APK.

---

mwalimu_Nansio:

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Ukerewe, si mtaalamu wa kompyuta. Mada imenigusa ila mmeshaniacha kwenye kona ya kwanza. Nina kishkwambi changu, shule ina laptop moja na projekta, mtandao unakuja na kuondoka. Nataka niwaandalie wanafunzi wangu mazoezi ya kuburuta na kuunganisha, kwa Kiswahili, mimi mwenyewe bila kuajiri mtu. Inawezekana? Au hizi ni habari za vijana wa mjini tu?

---

fundi_nyakato:

Mwalimu, shikamoo. Inawezekana, na swali lako ndilo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Kuna zana mbili ningeziweka mikononi mwako. Ya kwanza ni H5P, mradi huria uliozaliwa Norway. Huandiki programu. Unachagua aina ya zoezi, kwa mfano kuburuta maneno kwenye nafasi zake, kadi za kukumbuka, video inayosimama na kuuliza swali, kisha unajaza maneno na picha zako. Matokeo ni faili la H5P linalochezwa ndani ya kivinjari kupitia jukwaa linaloipokea.

Ya pili ni Scratch, iliyozaliwa MIT Media Lab na kutoka mwaka 2007. Toleo lake la pili lilikuwa la Flash, na Januari 2019 ikahamia kwenye HTML5 kabla Flash haijafa, kwa hiyo miradi ya watoto ikanusurika. Unapanga vipande vya rangi badala ya kuandika. Ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na ipo programu yake ya kusakinisha kwenye laptop ikafanya kazi bila mtandao. Ningependa wanafunzi wako wa darasa la tano na la sita waitengeneze gemu wenyewe, si kuicheza tu. Mtoto anayetengeneza gemu ya kujumlisha sehemu lazima azielewe sehemu kwanza, kwa sababu akikosea, gemu itakataa kumpa pointi mwenzake aliyejibu sahihi. Mradi ukikamilika, kifungashio cha TurboWarp kinaugeuza kuwa faili moja la HTML ambalo unaliweka kwenye flashi na kulifungua kwenye kompyuta yoyote yenye kivinjari.

Sasa la mtandao. Angalia Kolibri ya shirika la Learning Equality. Unaisakinisha kwenye ile laptop ya shule, unaunganisha kifaa cha Wi-Fi hata kama hakina intaneti, na vishkwambi vya darasani vinafungua masomo kutoka kwenye laptop hiyo. Ina kiolesura cha Kiswahili, na inapokea mazoezi ya H5P pamoja na gemu za HTML5 zilizofungwa kwenye zip. Utahitaji intaneti siku ya kuandaa na kupakia, hilo fanya ukija mjini, kisha masomo unayabeba kwenye flashi mpaka Nansio.

---

mdau_wa_Igoma:

Mkuu mbona unazunguka, si atengeneze PWA tu, yaani tovuti inayosakinishwa kama programu? Mtu anafungua tovuti mara moja, gemu inajihifadhi kwenye simu, bando likiisha anaendelea kucheza. Kolibri ya nini?

---

fundi_nyakato:

PWA naiunga mkono kwa asilimia zote kwa simu ya nyumbani. Mama anafungua mara moja kwa bando la usiku, gemu inaingia, alama inakaa kwenye skrini kama programu nyingine. Kwa gemu iliyo wazi kwenye intaneti hiyo ndiyo njia yangu.

Ila shuleni kuna mtego ambao watu wanaugundua wakiwa wameshafika. Sehemu ya kivinjari inayohifadhi mafaili kwa matumizi ya nje ya mtandao inakubali kufanya kazi kwenye HTTPS tu, yaani anwani iliyolindwa, au kwenye kompyuta ile ile inayotoa gemu. Kishkwambi kikifungua gemu kutoka kwenye laptop ya shule kwa anwani kama http://192.168.1.10, kivinjari kinaona si salama na kinakataa kuhifadhi. Gemu itacheza muda wote kishkwambi kikiwa kwenye Wi-Fi hiyo, lakini mtoto hawezi kuibeba nyumbani. Kwa hiyo darasani tegemea seva ya ndani, nyumbani tegemea PWA au APK. Usiuze moja kama dawa ya zote.

Mtego wa pili: kubofya faili la HTML moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ukurasa unafunguka, gemu haianzi. Kivinjari hakiruhusu ukurasa uliofunguliwa kwa file:// kuvuta mafaili mengine kwa JavaScript, na Phaser huvuta picha na sauti kwa njia hiyo hiyo. Ukijua gemu yako itasafiri kwa flashi, fungasha kila kitu ndani ya faili moja, picha na sauti zikiwa zimegeuzwa kuwa maandishi ya base64. Faili linaongezeka kama theluthi moja, lakini linafunguka popote.

Na wa tatu ni Opera Mini. Wengi wanaipenda kwa kubana bando. Kwenye hali yake ya kubana kabisa, ukurasa unapikwa kwenye seva zao na simu inapokea picha ya matokeo, kwa hiyo gemu yoyote ya mwendo haitacheza. Weka ujumbe wa Kiswahili wa kumwambia mzazi afungue kwa Chrome. Usimwache mbele ya skrini nyeupe.

---

dada_wa_Kirumba:

Nimefuatilia kimya, naomba niulize kama mzazi. Wangu yuko awali, hajui kusoma. Gemu nyingi ninazozipata zinaongea Kiingereza cha Marekani. Kwa nini tusitumie ile sauti ya simu inayosoma maandishi yenyewe, ikasoma Kiswahili?

---

fundi_nyakato:

Dada yangu, asante kwa hili. Kwa mtoto wa umri huo sauti ndiyo gemu yenyewe, picha ni nyongeza.

Sauti ya mashine siitegemei kwa sababu inatoka kwenye simu husika. Simu moja ina sauti ya Kiswahili, nyingine haina, na isiyo nayo itasoma "kuku" kwa matamshi ya Kiingereza. Mtoto anayejifunza silabi hastahili hilo. Rekodi sauti ya mtu. Tafuta mwalimu wa awali mwenye sauti ya utulivu, chumba chenye mapazia na godoro, simu nzuri, inatosha. Gharama ya bando ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: MP3 ya mono kwa kilobiti 64 ni kilobaiti 8 kwa sekunde. Maneno 200 ya sekunde moja moja ni kama megabaiti 1.6. Hapo una msamiati mzima wa kuanzia.

Watengenezaji mkumbuke vivinjari vya leo havitoi sauti mpaka mtumiaji aguse skrini. Kwa hiyo skrini ya kwanza iwe na picha moja kubwa inayovutia kidole, kwa mfano mtumbwi, na akiugusa ndipo sauti ifunguke na imkaribishe. Ukiweka maelekezo ya sauti yaanze yenyewe, hayatasikika na mtoto asiyejua kusoma atabaki anakodoa macho.

Na kwa gemu za herufi, Kiswahili kina mambo yake ambayo maktaba za kigeni haziyajui. Programu ikikata neno herufi moja moja, "ng'ombe" inakuwa na kipande kinachoning'inia peke yake, ile alama ya juu, na "shule" inaanza na s. Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) anafundisha sh, ch, ny, ng' kama sauti nzima. Andika orodha yako ya sauti na uanze kukata kwa zile ndefu. Halafu alama yenyewe ina sura mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda. Mtoto akiandika kwa moja na jibu lako limehifadhiwa kwa nyingine, kompyuta inamwambia amekosa wakati amepatia. Zigeuze zote kuwa moja kabla ya kulinganisha. Hakuna kitu kinachoniuma kama gemu inayomwambia mtoto aliyepatia kwamba amekosa.

---

mdau_wa_Igoma:

Nimekubali kwa hilo la http. Swali jingine: alama za watoto nazihifadhi wapi? Nafikiria kila mtoto ajisajili kwa jina, shule na namba ya mzazi ili nimwonyeshe mwalimu maendeleo.

---

fundi_nyakato:

Namba ya mzazi ya nini, mkuu? Gemu ya kujumlisha haiihitaji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina tume yake, na taarifa za watoto si za kukusanya kwa mazoea. Hifadhi maendeleo kwenye simu yenyewe kwa IndexedDB, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, mtoto ajitambulishe kwa kuchagua picha ya mnyama. Simu moja nyumbani inashikwa na watoto watatu, kwa hiyo ruhusu wanyama kadhaa. Mwalimu anayetaka kufuatilia darasa zima, Kolibri inalifanya hilo ndani ya shule bila taarifa za watoto kwenda nje.

---

kijana_Malimbe:

Nimeelewa mkuu, naanza na ile ya sangara na rula kwa HTML tupu. Nitajaribuje bila kununua simu kumi?

---

fundi_nyakato:

Chrome ya laptop ina sehemu ya kuchelewesha kichakataji mara nne au sita na kubana mtandao, anza nayo. Lakini haibani RAM, kwa hiyo tafuta simu moja mbovu kweli, ya gigabaiti 1, iunganishe kwa waya wa USB na ufungue chrome://inspect. Utaona makosa yote ya simu kwenye skrini ya laptop. Kisha mpe mtoto, kaa kimya, usimwelekeze. Angalia kidole chake kinakwenda wapi kwanza.

---

mwalimu_Nansio:

Samahani kwa kurudi nyuma. Laptop ya shule ni ya Windows 7. Hayo yote yatakubali au ndiyo basi?

---

fundi_nyakato:

Yatakubali, mwalimu, kwa sharti dogo. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Ikiwa laptop ina hiyo, mazoezi ya H5P na HTML ya kawaida hayatakusumbua, na ile faili moja ya TurboWarp ijaribu kwanza hapo hapo kabla ya kipindi. Gemu za Phaser nazo zitacheza hata kama kadi ya picha ni ya zamani, kwa sababu zinarudi kwenye Canvas. Zinazoweza kukataa ni za Godot 4 na Unity ya sasa, zinazodai WebGL 2. Kolibri kwenye Windows ya zamani hivyo usiijaribu kwa kubahatisha. Afadhali Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, iwe seva, laptop ibaki ya projekta. Kijana wa Malimbe, gemu ya rula ikishasimama ifungashe kwenye faili moja na uiweke hapa, mwalimu aijaribu kwenye Windows 7 yake na atuambie.